Aliyejiita Amber

Nola Trevenna alipata kazi ile katika majira ya baridi, baada ya kiwanda cha kufua mashuka ya hospitali katika mji wa Butte kufungwa na wafanyakazi wote kurudishwa nyumbani. Kazi yenyewe haikumtaka atoke nje. Alipewa kompyuta, orodha ya watu na jina la kutumia, Amber. Kila siku aliwaandikia wachezaji wa Ngome ya Bahati, kasino ya mtandaoni, hasa wale waliocheza sana, ili wasiichoke.

Wenye kampuni hawakuiita kasino. Mchezaji alinunua sarafu za dhahabu za kujifurahisha tu, kisha akaongezewa bure sarafu za aina nyingine, na hizo za bure ndizo ambazo akishinda alizibadilisha kuwa dola. Kwa kuwa hakuzinunua, kampuni ilidai hapo hakuna kamari, ni bahati nasibu ya kuvutia wateja. Mashine za keno, mchezo wa kubahatisha namba, katika baa zetu za Butte zilikuwa na kibali cha jimbo la Montana na mkaguzi wa kuzifungua na kuzichunguza. Ngome ya Bahati haikuwa na kibali wala mkaguzi.

Mwezi wa pili wa kazi, orodha ikaleta jina alilolijua: Maire Lahti, wa Butte. Huyu alimfundisha Nola darasa la tatu. Nola alifika kwake na miaka minane hajui kusoma, wenzake wakimcheka, na Bi Lahti akawa anabaki naye kila siku baada ya masomo mpaka herufi zikakubali kukaa mahali pake. Sasa alikuwa mjane, anaishi mitaa mitatu kutoka kwa Nola.

Mhudumu akipangiwa mtu anayemfahamu, aliruhusiwa kumwomba msimamizi ampe mwenzake. Nola hakuomba. Alijiambia kwamba heri awe yeye kuliko mtu wa mbali asiye na haya, na kwamba atamtendea mwalimu wake wema.

Na wema alimtendea. Bi Lahti akipotea siku tatu, Amber humwandikia kumuuliza goti lake linalouma linaendeleaje, na chini ya salamu humwekea sarafu kidogo za bure. Bi Lahti alijibu kila mara, kwa sentensi ndefu zenye mikato yote mahali pake. Alimweleza habari za marehemu mumewe Eino, za ndege waliokuja kula mbegu dirishani, na jinsi ya kuukanda unga wa mkate wa iliki. Nola alizisoma barua hizo akicheka peke yake. Kisha alijaza fomu ya siku: mteja amerejea kucheza.

Siku moja ya vuli Bi Lahti aliandika maneno machache kuliko kawaida. "Amber, nisaidie nifunge akaunti hii. Peke yangu nimeshindwa."

Maelekezo ya kazi yalisema mteja akitaka kufunga, kwanza apewe zawadi ya sarafu za bure. Nola aliinuka, akasimama dirishani, akarudi, akainuka tena. Mwishowe alimtumia zawadi kubwa kuliko zote alizoruhusiwa kutoa. Baada ya dakika chache jibu likaja: "Wewe ni mtoto mwema sana." Bi Lahti akaendelea kucheza.

Wiki mbili baadaye Nola alikuwa akipita kwa gari akaona wanaume wawili wakiitoa piano ya Bi Lahti mlangoni. Mwalimu mwenyewe alikuwa amesimama kibarazani bila koti, akiwaelekeza wasiikwaruze. Nola hakusimama. Na bado aliendelea na kazi.

Bunge la jimbo lilipokutana Helena, mji mkuu, ukaletwa mswada wa kupiga marufuku kasino za namna hiyo. Nola alisikia kwamba mwananchi yeyote anaweza kusema mbele ya kamati, akaenda. Wakili wa makampuni alitangulia, akaeleza kwa upole kwamba hizi ni burudani za watu wazima. Zamu yake ilipofika, Nola alisimulia habari ya ile akaunti, bila kumtaja mwenyewe. Seneta mmoja, mfugaji wa ng'ombe, akamuuliza kwa nini hakuifunga.

"Niliogopa kufukuzwa," Nola alisema. "Na nilikuwa nimezoea barua zake."

Mswada ulipita na gavana akatia saini. Kampuni ilimwachisha kazi hata kabla ya sheria kuanza. Watu walimpongeza dukani na kanisani, na kila pongezi ilimchoma. Ndipo akaenda kubisha mlango wa Bi Lahti.

Alikaribishwa jikoni, akamiminiwa kahawa.

"Mwalimu, Amber ni mimi."

Bi Lahti aliliweka birika chini polepole. "Ulijua kuwa ni mimi?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na siku ile nilipokuomba unifungie?"

"Nilijua."

Mwanamke mzee akavuta kiti, akakaa. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ileile ya darasani, haikupanda.

"Piano niliiuza mwenyewe, kwa mkono wangu. Hilo silidai kwako. Ila Amber alikuwa akiniuliza hali kila wiki, nami nikadhani yuko mbali, hawezi kuja. Kumbe unakaa hapo chini, Nola. Miaka yote hiyo hukuwahi kubisha."

Nola alisema anaomba msamaha.

"Leo sina wa kukupa," alijibu Bi Lahti. "Alhamisi nina miadi ya daktari wa macho. Wa kunipeleka pia sina."

Alhamisi Nola alimpeleka, na Alhamisi nyingine tena. Njiani waliongea kidogo, habari za barabara na theluji. Oktoba sheria ilipoanza kutumika, Ngome ya Bahati ikafungwa kwa watu wa Montana. Bi Lahti alikiri kwamba asubuhi hiyo alijaribu kuifungua mara mbili.

Wiki chache baadaye, wakiwa wamekaa garini nje ya kliniki, alitoa simu mkobani akampa Nola. Palikuwa na ujumbe kutoka kasino nyingine, ya nje ya nchi, isiyojali sheria ya jimbo lolote. Mtu aliyejiita Brandon alikuwa akimuuliza ameamkaje.

"Usimjibu, Mwalimu."

"Najua. Nimekuonyesha ili nisimjibu."

Nola alimzuia Brandon na kuufuta ujumbe, akamrudishia simu. Bi Lahti aliitia mkobani, akafunga zipu, akamwambia azime gari, daktari hapendi watu wanaochelewa.