Asilimia ya Mvua ya Kesho

Atuganile alimwamkia kama alivyolelewa. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

Hakukaa. Mhandisi Wilbert, bosi wake wa zamani, alikuwa amestaafu na kujenga Mbweni, kando ya korongo ambalo Atuganile sasa alikabidhiwa kulichorea mfereji.

Mfereji huchorwa kwa mvua zilizokwisha kupimwa, kisha huongezwa asilimia fulani kwa ajili ya mvua zijazo, maana tabianchi imebadilika na mbingu hazisomi vitabu. Asilimia hiyo huchaguliwa na mhandisi. Kule Temeke, Atuganile aliwahi kuandika ishirini. Wilbert akaifuta mbele ya kikao. "Mvua ya kesho umeipimia wapi, binti?" Watu wakacheka. Mfereji ukajengwa mwembamba. Masika ya pili ukafurika, ukamchukua Sekela, mdogo wake Atuganile, akitoka kazini.

Kwa Mbweni, ishirini ingepitisha mfereji kando ya baraza la Wilbert. Thelathini ingeupitisha sebuleni kwake. Mwongozo wa wahandisi uliruhusu zote mbili.

"Nasikia umeweka thelathini," mzee alisema. "Hiyo mvua umeiona wapi?"

Atuganile alimtazama. Mzee hakukumbuka. Aliuliza vilevile kama kule Temeke, kwa sauti ileile, wala hakuyasikia maneno yake mwenyewe.

"Ishirini inatosha, na wewe unajua."

"Najua."

"Basi?"

"Mfereji wa Temeke nao ulijua hautoshi."

Wilbert aligeuza kikombe chake kwenye kisahani. "Yule binti aliyechukuliwa na maji... alikuwa ndugu yako?"

"Tumbo moja."

"Sikujua, mwanangu. Mungu shahidi."

"Hukuuliza."

"Nyumba hii ni kiinua mgongo changu. Chote."

"Fidia utalipwa, mzee. Utajenga kwingine, mbali na maji."

Mfereji mpana ungekuwa salama zaidi kwa mtaa mzima. Hilo lilikuwa kweli, na ndilo aliloliandika kwenye ripoti. Lakini silo lililomfanya aichague thelathini, naye hakujidanganya. Kama nyumba ingekuwa ya mtu mwingine, angeandika ishirini na kulala usingizi.

Aliaga kwa adabu, akatoka. Getini Brightson, mpiga alama za bomoabomoa, alikuwa akikoroga rangi nyekundu.

"Injinia, X niipige wapi? Kwenye geti?"

"Ukuta wa sebule," alisema Atuganile. "Kubwa, braza. Aione akiwa amekaa."