Yai la Ongom

Kaka yangu Ongom aliporudi kutoka Marekani alikataa kupita mlango wa mbele. Alizunguka nyumba na begi lake, akapita mlango wa jikoni kiubavu kwa sababu haukutengenezwa kwa mtu wa mabega yale, akamkumbatia mama huku sufuria zikianguka. Mlango wa mbele ulikuwa umewekwa yai.

Kwetu Waacholi, mtu aliyekaa mbali miaka mingi hukanyaga yai mlangoni kabla hajaingia. Likipasuka, yote aliyokutana nayo huko yanabaki nje, naye anakuwa mtu wa nyumbani tena. Mama alilitafuta yai la kuku wa kienyeji mtaa wetu mzima wa Mbuya, maana haya ya trei alisema hayana adabu.

"Maa, ondoa hiyo," Ongom alimwambia. "Mimi iko likizo tu. Mtu ya likizo hapana kanyaga yai."

Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka zamu, sare ya polisi bado mwilini, na nilitamani kumzaba kofi. Ningehitaji ngazi. Mama aliliokota yai lake, akalifunga kwenye kitambaa, akaliweka juu ya kabati. Marehemu baba alikuwa sajini, na wake wa wanajeshi huzoea kuambiwa wasubiri.

Ongom alikwenda Marekani kijana, kwa sababu ya mpira wa kikapu. Huko wakamtazama mapana yake, wakamhamishia mpira wao wenyewe, ule wa kuvaa helmeti. Wakamweka mstari wa mbele. Mbele yako yanasimama majitu, nyuma yako yuko bwana mmoja mwenye mpira, na kazi yako ni kuyazuia majitu yasimfikie huyo bwana. Mpira wenyewe huugusi. Hufungi, huimbwi, wala jina lako hakuna anayelitaja. Inatajwa namba yako tu, na anayeitaja ni refa, siku umekosea.

Hilo hatukulijua. Mara ya kwanza tulipoutazama mchezo wake kwenye simu, dukani kwa jirani yetu Kavugho, yule mama Mkongo anayeuza vitenge na vitu vidogo vidogo vya jikoni, refa alisimama katikati ya uwanja akatangaza namba ya Ongom kwa kipaza sauti. Mama alipiga vigelegele mpaka wapita njia wakaingia dukani. Kavugho akafungua soda. Kumbe alikuwa amemshika mtu jezi, na timu nzima ikarudishwa nyuma kwa ajili yake.

Wachezaji wa aina yake hawakai mahali. Mtu wa timu akiumia, wanamwita yeye. Yule akipona, yeye anafungashiwa virago. Alihama miji hata mama akaacha kujifunza majina yake. Miaka mingine hakucheza kabisa, alikuwa kikosi cha mazoezi, anagongwa kutwa ili wenzake wajue kugonga. Aliniambia kwamba kwenye kabati za wachezaji jina lake lilikuwa linaandikwa juu ya plasta, ili kulibandua kuwe rahisi. Alinisimulia hayo akicheka. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Basi akawa yuko likizo. Asubuhi alikula mayai ya kuchemsha mpaka nikaona aibu kununua tena trei dukani, kwa sababu timu ikimwita ni lazima imkute na kilo zake. Kisha alishuka mahali palipokuwa na lori bovu, akainama, akaweka viganja kwenye bampa na kulisukuma, huku magoti yakilia kama bawaba kavu. Simu alimwachia mama. Akirudi, jasho linachuruzika, swali lilikuwa moja.

"Lamera, walipiga?"

Lamera kwa Kiacholi ni kusema "dada yangu", na omera ni "kaka yangu". Nami nilimjibu, "Bado, omera."

Nilianza kuona mambo. Alitumwa chumvi kwa Kavugho akarudi mikono mitupu, akatumwa tena, akarudi hivyo hivyo. Aliwasha jiko akaliacha. Siku moja aliniuliza baba yuko wapi, halafu akajishika kichwa akasema anatania. Nilimpeleka hospitali kwa kisingizio cha magoti. Daktari alimwuliza maswali madogo madogo, tarehe, majina ya vitu alivyomwonyesha muda mfupi nyuma, kisha akaniita pembeni. Akasema ubongo umetikiswa miaka mingi, kila siku kidogo kidogo, na kilichoondoka hakitarudi. Akasema kitaendelea kuondoka. Nikamshukuru, sijui kwa nini.

Sikumwambia mama. Nilijipa moyo kwamba Ongom akikubali tu kuwa yamekwisha, akae nyumbani atunzwe, atapumzika na kichwa kitapumzika. Nikawa natamani hiyo simu ipigwe, imkatalie, tuanze kuishi.

Ilipigwa mchana mmoja akiwa anakula. Alikuwa wakala wake, yule anayemtafutia timu. Ongom aliweka sauti wazi ili sote tusikie habari njema. Yule mtu aliongea kwa upole, hilo simnyimi. Alisema ameuliza kila mahali, hakuna anayemtaka, umri umekwenda, na yeye mwenyewe hatamtafutia tena. Akamtakia maisha mema. Ongom alimjibu asante bwana, akaizima simu, akabaki ameshika kijiko. Machozi yalimshuka akaacha yashuke. Halafu akamgeukia mama.

"Kale, Maa, sawa. Weka yai yako."

Baba mdogo Ocaya alikuja na basi kutoka Gulu, na tawi la opobo ndani ya gunia bichi, maana bila opobo, ule mti wenye utelezi, yai halikanyagwi. Wakaliweka yai juu ya tawi mlangoni. Kavugho alikuja na mbuzi wa kuchoma na kitenge cha mama, bila kuombwa. Ongom alivua viatu. Alisimama nje na ule mguu wake mkubwa, vidole vimepinda kila upande, akamtazama mama, akakanyaga.

Lilipasuka na sauti ndogo sana. Aliingia kwa mlango wa mbele, akainamisha kichwa, akakaa kwenye kiti cha baba, na mama akapiga vigelegele ambavyo safari hii vilikuwa mahali pake. Tulikula, tukacheka. Ocaya alimwuliza ule mchezo ni wa namna gani, mtu anacheza mpira asioushika, na Ongom akasimama kumwonyesha, akamweka mama nyuma ya mgongo wake, akatanua mikono na kuinama. Mama hakuonekana hata kidogo. "Mimi hapa ndani," alisema huko nyuma, "hakuna mtu anaweza kunifikia." Nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi tangu baba afariki. Niseme tu ukweli, niliamini.

Siku mbili baadaye nilimkuta mlangoni ameshika kijiti cha opobo kilichobaki, amekasirika.

"Nani ameweka hii hapa? Nimesema mimi iko likizo."

"Omera, ulishakanyaga," nilimwambia. "Jumamosi. Baba mdogo alikuja."

"Mimi? Hapana. Walipiga?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, wakala, simu, maneno yale ya upole. Nikaona uso wake ukipokea habari ile kama ndiyo mara ya kwanza. Akaketi kizingitini, pale pale alipopasulia yai, akalia akijiziba mdomo asisikiwe na mama.

Kesho yake asubuhi alishuka kwenye lori. Akarudi, akauliza. Nikamweleza tena, akalia tena, kilio kilekile, mkono mdomoni vilevile. Mama alikuwa amesimama jikoni akisikia. Nikalazimika kumwambia aliyoyasema daktari.

Hakulia. Aliuliza kama Ocaya akileta tawi jingine, wakaliweka yai jingine, itashika. Nikamwambia haitashika. Akafuta mwiko ambao ulikuwa safi.

"Basi wewe hapana mwambia tena," alisema mwishowe. "Mimi nimechoka kuona mtoto yangu anafukuzwa kazi kila siku."

Asubuhi iliyofuata nilisikia magoti yake yakipanda kilima kabla sijamwona. Alizunguka nyumba, akapita mlango wa jikoni kiubavu, kama mgeni asiyetaka kusumbua, akajipangusa jasho kwa fulana.

"Lamera, walipiga?"

Mama alinitazama. Simu ilikuwa juu ya kabati, pale lilipokuwa yai, na sasa hakuna mtu duniani wa kuipiga.

"Bado, omera."

"Kale," alisema, akavuta kiti. "Watapiga. Weka mayai."

Nikachukua sufuria, nikaijaza maji, nikaanza kuyapanga ndani moja moja, taratibu, lisipasuke hata moja.