Nguzo Sita za Nyuma ya Nyumba

Fundi Soro aliniuliza kwa mara ya nne mabati yako wapi.

"Hakuna mabati, Soro."

"Sasa mvua ikikuja?"

"Mvua ikija tutaingia ndani. Hiki kibanda ni cha jua."

Akaugeuza mchoro wangu juu chini, labda mabati yangeonekana upande huo. Nilikuwa nimeuchora vizuri kwa rula, kwenye daftari langu la masomo ya jioni: nguzo sita za mkaratusi, mihimili miwili, juu yake fito zilizokaribiana, na pembeni mche wa pasheni utakaopanda mpaka ufunike kila kitu. Pasheni ikikawia, nitatandaza mikeka ya matete. Bati sitaki. Bati la hapa Manibe saa saba mchana linamwoka mtu kama mkate.

"Hii nyumba haijaisha," alisema Soro.

Lillian wangu ana miaka mitatu, na amezaliwa na ualbino. Akikaa juani muda wa kufua nguo mbili tu, mabega yanakuwa mekundu na analia nikimgusa. Kwa hiyo mchana wake wote ni dirishani, akiwatazama watoto wa jirani yetu Elena wakichimba udongo. "Mama, jua limeenda?" ananiuliza kila siku. Kiangazi kilikuwa kimebakiza wiki mbili kianze. Nilitaka mwanangu atoke nje kabla hajalizoea lile dirisha.

Mume wangu, Adrabo, anauza vitenge mjini Koboko na huja nyumbani mwisho wa wiki. Mchango wake ulikuwa picha za kwenye simu. Ya kwanza ilionyesha kibanda cheupe kando ya bwawa la kuogelea. Nikampigia.

"Baba Lillian, hilo bwawa tutalijaza kwa jerikeni zetu nne?"

"Wewe angalia mbao, achana na maji! Na kiwe kikubwa, wageni wangu wapate kukaa."

"Wageni wako jua haliwababui. Ni cha mtoto."

Nikasikia sauti ya mama mkwe, maana Adrabo analala kwake huko Koboko. "Mwambie mtoto akae ndani! Ndani si kuna kivuli tayari? Haya mambo ya shule ya jioni!"

Niliaga kwa adabu, nikakata simu, nikaipiga meza kofi.

Shule hiyo hiyo ndiyo iliyonifundisha kusimika kijiti na kufuata kivuli chake. Siku tatu nilitoka kila saa kuweka jiwe pale kivuli kilipoishia, majirani wakinitazama. Jua la asubuhi linazuiwa na nyumba. Baya ni la alasiri, linalotoka upande wa Kongo. Basi nikachomeka vijiti sita nyuma ya nyumba, nikavifunga vitambaa vyekundu.

"Nyuma, Soro. Kwenye vijiti."

"Iko sawa, mama."

Ijumaa alfajiri nikamfunika Lillian kitenge kutoka kichwani hadi miguuni, kama kawaida yetu, nikampeleka hospitali ya Kuluva kuonwa ngozi na kupewa mafuta. Kufika saa sita simu yangu ikawa imezima. Tulirudi saa tisa.

Uani mbele ya nyumba kulijaa watu. Wanawake walikuwa wamekuja na kuni, sufuria ilikuwa motoni, viti vya kanisa vimepangwa. Katikati zilisimama nguzo zangu sita, zimefunikwa turubai, na juu yake Soro akigonga misumari kwa bidii ya ajabu.

Elena aliponiona alipiga yowe. "Candiru! Mtoto iko wapi?"

"Si huyu mgongoni, amelala!"

Kwetu, nguzo zikisimikwa ghafla mbele ya nyumba, zikatandikwa turubai, hakuna anayeuliza: kuna msiba. Na mimi nilionekana alfajiri nimebeba mtoto aliyefunikwa gubigubi kwenda hospitali.

"Soro! Nilisema nyuma!"

"Mama, nilifikiri umechoka. Mutu anajenga kivuli nyuma, nani ataona? Mimi nimejenga vivuli vingi, vyote iko mbele. Vijiti vyako nilihamisha pole pole."

"Na hawa watu?"

"Walikuja wanalia na turubai yao. Nikasema kumbe kuna msiba, nikaongeza mwendo."

Nilimshusha Lillian chini ya turubai, nikakaa kwenye kiti cha waombolezaji wangu.

Gari la Koboko likasimama; kumbe majirani walikuwa wamewapigia simu. Mama mkwe alishuka na kitenge kiunoni, mikono kichwani. "Mjukuu wangu! Mjukuu wangu wa dirishani! Mimi ndiye niliyesema akae ndani!" Adrabo alikuwa nyuma yake, kiatu kimoja mguuni.

Lillian aliinua kichwa. Alikuwa ameamka, yuko chini ya turubai katikati ya watoto wa Elena, udongo hadi viwikoni.

"Bibi, usilie. Jua limeenda."

Mama mkwe akaanguka magotini, akamshika uso, akamgeuza huku na huku, akampangusa udongo, kisha akamwacha arudi kuchimba. Elena akamnong'oneza habari ya vijiti. Aliposimama, sauti yake ilikuwa imerudi yote.

"Fundi! Vijiti vya mke wa mwanangu vilikuwa wapi?"

"Nyuma, bibi."

"Na wewe uko mbele unafanya nini? Vijana, ng'oeni! Kuni zimeletwa, chakula kinapikwa, hakuna aliyekufa. Mtafanya kazi!"

Adrabo akawa wa kwanza kushika nguzo. Nyuma ya nyumba, mama mkwe alisimama kwenye mawe yangu.

"Hapa?"

"Hapo, mama. Jua baya linatoka kule."

Akakinga macho kwa kiganja, akatazama upande wa Kongo, akasogea hatua moja. "Basi hii nguzo ije hapa. Na mabati yako wapi?"

Nilifumba macho.

"Hakuna mabati, bibi," alisema Soro kwa uchungu. "Mimi nimeuliza mara nne."