Uso wa Kiberiti

Mama alivaa vile viatu vyake vya kubana, vya kuendea arusini, kwa sababu alikuwa anakwenda kumwona mwanawe. Mwenyewe tulikuwa tumemzika mwaka uliopita. Kaka yangu, mkimbiaji, kijiji kizima kilimwita Kiberiti kwa jinsi alivyolipuka mbio zinapoanza. Alifariki kwa homa, kisha mafuriko yakazoa picha zake zote pamoja na nusu ya nyumba. Tangu hapo mama alilalamika kwamba uso wa mwanawe unamponyoka. Ndipo tukasikia kwamba yule mchoraji wa mjini, aliyekaa kwetu msimu mzima akimkimbiza kaka kuzunguka uwanja wa shule huku yeye akichora, ameitundika picha yake kwenye maonyesho.

Picha ilijaa ukuta. Miguu ilikuwa saba, ya buluu, imepandana, na juu ya shingo palikuwa na duara la njano, tupu. Watu waliovaa wakapendeza walikuwa wakitikisa vichwa kwa kuridhika.

"Uso uko wapi?" mama akauliza.

"Nilichora mbio, mama," mchoraji akajibu kwa upole. "Uso ungezisimamisha."

"Sawa, baba. Basi nichoree uso, hata kwenye karatasi tu."

Akachukua karatasi na kipande cha mkaa, akainama. Mkono haukusogea.

"Nisameheni," akasema. "Nilikuwa naangalia miguu."

Nilitaka kumpasha, lakini mama alinishika mkono.

"Mimi nitakuelekeza," akamwambia, akavuta kiti.

Alianza vizuri: kovu juu ya jicho la kushoto, pengo la jino. Mchoraji akauliza pua ilikuwaje. Mama akanigeukia. Hata makaburini sikumwona na hofu ile.

"Mwanangu, kaka yako alikuwa na pua gani?"

"Kama yako," nikajibu upesi. Nilidanganya. Hata mimi sikuikumbuka.

Mchoraji akamtazama mama usoni, akachora. Alipotugeuzia karatasi, nilimwona kijana nisiyemjua kabisa, mwenye kovu na pengo.

"Ndiye huyu," mama akasema, akaikumbatia karatasi, akalia.

Nami nililia. Tangu siku hiyo, kila nikimkumbuka kaka, anakuja yule mgeni.