Mwana wa Nyumba ya Mishumaa

Ko! Ko!

Mlio ulitoka mbele, ndani ya ukungu wa magharibi, mkavu na mkali kama kuni zinazopasuliwa. Patroba alisimama katikati ya njia na sanduku lake la magurudumu. Basi lililomshusha lilikuwa limekwisha kuondoka, na manyunyu yalikuwa yamefuta kila kitu isipokuwa mawe aliyokanyaga. Ko! Ko! Kisha ikapanda sauti ya mwanamume, ndefu, ikilivuta neno la mwisho kama mchungaji anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto. Maneno yenyewe hakuyaelewa hata moja. Sauti aliielewa. Ndiyo iliyokuwa ikimwamsha kwenda shule, ndiyo iliyomtukana, na ndiyo iliyomfundisha kutukana.

Kaka yake akachomoza kutoka katika ukungu. Alivaa koti fupi la buluu lenye maandishi meupe mgongoni, na shingoni alining'iniza vijiti viwili kwa kamba. Nyuma yake walifuata wazee watatu wenye taa za karatasi. Sheldon alipomwona, vijiti vilikoma hewani.

“Umekuja kweli,” alisema.

“Ulidhani Tata hutuma salamu kwa upepo?”

“Na hukubeba hata mwavuli! Mkaidi kama punda wa Suneka.”

“Na wewe umekuwa askari wa zamu. Unalinda nini, bwana mkubwa?”

“Moto. Mtaa wote huu ni mbao na karatasi. Kila jioni nyumba moja hutoa mtu wa kuwakumbusha wengine wazime majiko. Leo ni zamu ya nyumba yetu.”

Nyumba yetu. Patroba alilisikia neno hilo, akavuta sanduku lake kumfuata.

Alikuwa ametumwa. Jumapili iliyotangulia Sheldon alipiga simu nyumbani, Missouri City, Texas, akamwambia Tata, yaani baba yao mzee Mogaka, kwamba huko Japani anamwoa Chizuru, mtoto wa pekee wa mzee Kubota, mtengeneza mishumaa. Na kwa kuwa nyumba ile haikujaliwa mtoto wa kiume, Ijumaa angeandikwa yeye kuwa mwana wa nyumba hiyo. Angebeba jina la Kubota, na watoto wake wangelibeba.

“Kubota?” mzee Mogaka aliuliza. “Kama trekta?”

Hakuna aliyecheka. Mzee Mogaka aliiweka simu juu ya blanketi taratibu, kama mtu anayetua kikombe kilichojaa pomoni. Figo zake zilikuwa zimekufa; mara tatu kila wiki mashine ilimtoa damu, ikaiosha, ikamrudishia. Hakuwa na nguvu za kugombana na mtu aliye upande wa pili wa dunia. Lakini kwa Wagusii mzaliwa wa kwanza si mtoto tu. Ndiye nguzo ya mlango. Jina la babu humngojea yeye amzae wa kulibeba, na baba akifa, ndiye asimamaye upande wa kichwa. Patroba, mtoto wa pili, muuguzi katika hospitali moja ya Dallas, aliendesha gari kutoka Cedar Hill hadi Missouri City bila kusimama hata kwa kahawa. Baba yake akamshika mkono uliozoea kuchoma watu sindano.

“Wewe ndiwe mdomo wangu,” alimwambia. “Mlete kabla ya Ijumaa. Usirudi na maelezo. Rudi na ndugu yako.”

Jioni ile ya kufika kwake ilikuwa Jumatano.

*

Asubuhi ukungu uliinuka na mtaa ukajitokeza: kuta za chokaa nyeupe, madirisha ya kimia cha mbao nyeusi, mapaa ya vigae yaliyopinda kidogo ncha zake. Watalii walikwisha kuanza kumiminika, simu mbele ya nyuso. Sheldon alitembea kando yake akieleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo Patroba alivyozidi kukaza mwendo. Hakuna aliyeruhusiwa kubadili hata ubao mmoja wa uso wa duka lake. Mashine za kupoza hewa zilivikwa vimia vya mbao ili zisionekane. Ukitaka kupaka mlango rangi, unauomba mtaa mzima.

“Hii ni makumbusho,” Patroba alisema. “Unaoa makumbusho.”

“Ni maduka, Patroba. Watu hununua, watu hukopa, watu husengenyana. Unamwona yule mama wa achari? Amekwisha kukusengenya.”

Yule mama aliinama, akamwita Sheldon kwa jina ambalo si Sheldon wala Mogaka. Sheldon akaitika pale pale, bila kusita. Kule kuitika bila kusita ndiko kulikomtisha Patroba kuliko kila kitu.

Aliukumbuka uwanja wa maduka ulio karibu na kwao. Duka ambamo mama yao, Immaculate, alizoea kununua unga wa ugali liligeuka kuwa duka la magodoro, na kabla magodoro hayajazoeleka, likawa kliniki ya meno. Hakuna aliyelia. Huko kwao Texas mtaa ulivuliwa na kuvikwa upya kama mtoto mchanga. Hapa kibao cha fundi wa ndoo kilikuwa na umri mkubwa kuliko shangazi yeyote aliyewahi kumjua. Alitaka kuudharau mtaa huo, akashindwa, na kushindwa huko kukamzidishia hasira. Wanajua kuhifadhi kila kitu, aliwaza. Sasa wanataka kumhifadhi na kaka yangu.

Duka la Kubota lilinukia nta na moshi wa zamani. Mzee mwenyewe, mwembamba, mwenye nyusi nyeupe, alikaa sakafuni akizungusha mshumaa kwa mkono mmoja na kuupaka nta ya moto kwa kiganja kitupu cha mkono wa pili. Kiganja hicho kiling'aa kama kiatu kilichopigwa rangi. Patroba aliyatupia macho mikono ya kaka yake. Kiganja cha kulia kilikuwa kimeanza kung'aa vilevile.

Chizuru alileta chai. “Karibu, shemeji,” alisema, kila silabi ameipanga kwa uangalifu kama mtu anayepanga mayai.

Patroba aliitika kwa pua. Akapiga magoti mkekani kama alivyoona wengine wakifanya, akamgeukia kaka yake.

“Nitafsirie. Na usipunguze kitu.”

Maneno aliyaandaa juu ya bahari nzima, katika kiti cha dirishani cha ndege, na alipoyatoa yalitoka yakiwaka. “Mzee, mimi ni mdomo wa Mogaka. Kwetu binti huombwa. Watu hubisha hodi, hukaribishwa, hukalishwa, husikilizwa. Sisi hatujawahi kusikia mwana wa mtu akinyakuliwa kama kifaranga na kipanga, bila hodi, baba yake akiwa mgonjwa kitandani. Kama nyumba yako haina mwana, pole. Lakini usizibe pengo lake kwa nguzo uliyoing'oa kwetu.”

Sheldon alitafsiri. Alianza kwa sauti ya kawaida, akaendelea kwa mnong'ono, akamalizia akitazama mkeka. Sinia la Chizuru lilitulia hewani. Mzee Kubota aliuweka mshumaa chini, akamtazama Sheldon kwa muda mrefu, akamuuliza swali fupi.

Sheldon akakunja kiganja chake cha kulia.

Mzee akauliza tena, kwa upole zaidi. Ndipo mzee alipoinua mkono wake unaong'aa akaelekeza kwenye kishubaka cha ukutani, mahali pa heshima, palipotandikwa kitambaa cha hariri. Juu ya hariri palikuwa na sanamu ya jiwe la Kisii: watu wawili waliokumbatiana hadi hujui mkono upi ni wa nani.

Patroba aliijua. Yeye ndiye aliyeizungushia magazeti, akaipeleka posta.

“Hilo ni jibu la baba yenu,” Chizuru alisema kwa Kiingereza cha taratibu. “Tulipeleka sanduku. Tuliogopa sana. Kisha jibu likaja, na Baba akalia.”

Sanduku! Lilifika mwezi wa tatu, likiwa na kamba ngumu nyekundu na nyeupe zilizofungwa fundo lisilofunguka, na Immaculate akazikata kwa mkasi wa jikoni. Ndani mlikuwa na upepeo wa kukunja, kitani cheupe kilichosokotwa kama mvi za bibi, ngisi mkavu, na majani ya mwani yaliyokauka. Mzee Mogaka aliyagonga majani hayo mezani akasema Wajapani wamemletea soli za viatu. Immaculate alimloweka ngisi, akampika kwa sukuma wiki. Walikula, wakacheka, wakasema Sheldon ana marafiki wakarimu. Mzee Mogaka alionja kipande kidogo tu, kwa ajili ya figo, akalalamikia chumvi. Kisha akasema mkono mtupu haulambwi, itafutwe zawadi ya kurudisha. Aliyeichagua ile sanamu rafuni ni Patroba.

“Ilikuwa nini?” alimuuliza kaka yake.

“Posa,” Sheldon alisema. “Ukipokea, umesikia. Ukirudisha zawadi, umekubali.”

“Na wewe ulijua.”

“Nilijua.”

“Ulitulisha mahari kama mgonjwa anavyolishwa dawa ndani ya uji!”

“Ningesema mngelirudisha lile sanduku siku hiyohiyo! Ungelirudisha wewe, Patroba, na matusi juu yake. Nikasema acha kwanza wale. Nitawaambia. Kila Jumapili nilisema leo nitawaambia.”

Chizuru alikuwa akimnong'oneza baba yake. Mzee Kubota alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaweka viganja vyote viwili mkekani akainama mbele ya Patroba, paji la uso likagusa ukindu. Patroba, aliyevuka bahari kuja kumdhili mtu huyu, hakujua aangalie wapi. Mzee alipozungumza, aliyetafsiri ni Chizuru.

“Nilidhani nimebisha hodi na kuitikiwa. Nisamehewe. Mimi mwenyewe niliingia nyumba hii na jina jingine. Baba yangu alinileta kwa mkono wake hadi kizingitini, akarudi bila kutazama nyuma. Nilimchukia miaka mingi kwa kutotazama nyuma. Lakini nilijua nimetolewa, sikuibwa. Kesho hakutakuwa na kitu. Tutamsubiri baba yako aje chini ya paa hili, aseme ndiyo au la kwa kinywa chake. Na akichelewa, tutasubiri.”

*

Nje jua lilikuwa limetoka na mawe yalikuwa yakikauka. Sheldon aliegemea ukuta wa ghala, mbali kidogo na watalii.

“Umeshinda,” alisema.

“Sijashinda kitu.”

“Tata hawezi kupanda ndege. Wewe ndiye muuguzi, wajua kuliko mimi. Mzee atasubiri, Chizuru atasubiri, mimi nitasubiri, hadi siku utakayonipigia simu kuniita msibani. Na Tata atakuwa amekwenda na ruhusa yake.”

Alilisema bila kulaumu, na hilo ndilo lililochoma. Patroba aliona kwamba ni kweli. Hakuhitaji kumburuta mtu. Hakuhitaji hata kutukana. Tumaini la kaka yake lilikuwa limelala kiganjani mwake kama yai; hakutakiwa kulivunja. Ilitosha kutoliatamia. Ugonjwa ungemfanyia kazi yote, naye angerudi Missouri City mikono misafi, na nguzo ingebaki mlangoni, imekauka, lakini yetu.

Simu ilitetemeka mfukoni. Huko nyumbani ilikuwa jioni, na Jumatano ilikuwa siku ya mashine. Baada ya mashine sauti ya baba yake huwa nyembamba kama uzi.

“Patroba.”

“Naam, Tata.”

“Unaye?”

“Yuko hapa kando yangu.”

“Mnarudi lini?”

Patroba alivuta pumzi. “Tata, lile sanduku la ngisi.”

“Lile la chumvi?”

“Ilikuwa mahari.”

Ilisikika televisheni, na mlango wa jokofu ukifungwa.

“Mahari ya nani?”

“Ya Sheldon. Walikuja kumposa, Tata. Tukaila. Na tukajibu.”

Kitu kama kikohozi kilianza, kikageuka kicheko, kikarudi kuwa kikohozi. “Immaculate! Unasikia? Umenipikia mahari ya mwanangu kwa sukuma wiki!”

“Mungu wangu!” sauti ya mama yao ilitoka mbali. “Na zile soli nilizitupa!”

Sheldon alijikuta akitabasamu, akauficha mdomo kwa kiganja chake kinachong'aa. Kicheko cha mzee kilipoisha, pumzi zake zilibaki zikihesabika moja moja.

“Mahari haitapikwi,” mzee Mogaka alisema. “Lakini pia mtu hampi mwanawe kwa kutojua. Huyo mzee anasemaje?”

Hapo ndipo penyewe. Patroba angeweza kusema: anasema basi, yamekwisha. Isingekuwa hata uongo mzima. Alimtazama kaka yake. Sheldon hakusihi, hakutikisa kichwa. Alikuwa akiyatazama mawe kama mtu anayesubiri jibu la maabara. Patroba aliwajua watu wanaosubiri hivyo. Kila siku aliwapita barazani, akijifanya ana haraka.

“Anasema atakusubiri,” alisema. “Uje umwambie mwenyewe, ndiyo au la.”

“Mimi?”

“Wewe, Tata.”

“Nitamwambia la.”

“Mwambie.”

“Au labda...” Uzi wa sauti ulilegea, ukakaza tena. “Nataka nimwone uso kwanza. Mtu amenilisha mahari, nami sijamwona uso. Nitafika huko, Patroba? Nieleze kama muuguzi, usinieleze kama mtoto.”

Kama muuguzi alijua. Aliyajua maji yatakayojaa mapafuni, chumvi itakayopanda damuni juu ya bahari isiyo na mashine, moyo uliochoka, madaktari watakaokunja nyuso, wageni watakaotafuta mshipa katika mkono wasioujua. Alijua kwamba watu husafiri hivyo na hufika, na kwamba wengine hawafiki. Sheldon alikuwa ameinua uso. Midomo yake ilisema bila sauti: usimdanganye.

Patroba aliihamishia simu sikio la pili.

“Nitakuleta, Tata,” alisema, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, hata watalii wakageuka. “Umenisikia? Mimi mwenyewe. Nitakuleta.”