Folda za Diski C

Muuguzi Wahida aliusoma ujumbe wa chanjo mara tatu asubuhi ile, na mara zote tatu aliusoma vizuri, bila kukwama, kwa Kiswahili na kisha kwa Kireno. Mara zote tatu kompyuta ya studio ilikataa kuuhifadhi.

"Imesema nini safari hii?" aliuliza huku akivua vile vidude vya masikioni.

"Ileile," Mwanvua akajibu. "Diski imejaa."

Mwanvua ndiye aliyekuwa akisimamia studio ya redio ya jamii pale Palma, kaskazini mwa Msumbiji. Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye sponji za godoro zilizogongomewa ukutani, maikrofoni mbili na kompyuta moja. Kila kitu kilipita kwenye hiyo moja: muziki, matangazo ya misiba, mawaidha ya Ijumaa, taarifa za serikali ya wilaya. Redio ilikuwa ikifungua matangazo saa sita mchana, na sasa ilikuwa saa tatu na nusu.

Wahida alikuwa ametoka Quionga tangu alfajiri. Alhamisi kungekuwa na chanjo ya kipindupindu vijijini kote kuelekea mto Rovuma, na yeye ndiye aliyetumwa kuwaeleza watu waje wapi na saa ngapi. Chapa, basi dogo la abiria, ya kumrudisha ilikuwa ikiondoka sokoni saa sita. Baada ya hiyo hakuna nyingine mpaka kesho.

"Basi nisome moja kwa moja hewani mkifungua," alisema. "Nitasoma haraka nikimbilie chapa, huenda ikachelewa kujaa."

"Ukisoma mara moja watakusikia wachache, dada. Wengine watakuwa shamba, wengine baharini. Tangazo hili inabidi tulipige mara nane kwa siku mpaka Alhamisi. Lazima nilihifadhi."

Wahida aliangalia saa yake, akaangalia kompyuta, kisha akakunja karatasi yake mara nne na kuishika mapajani.

Hapo ndipo Jamaldine alipoingia. Jamaldine alikuwa mtangazaji wao mkuu, kijana wa miaka ishirini na tisa, na sauti yake ilijulikana kuanzia Olumbi mpaka mpakani. Kwenye maikrofoni hakuwa na kosa. Kwenye kompyuta, Mwanvua hakutaka hata akae karibu nayo. Wiki sita nyuma alifuta folda moja aliyosema haitumiwi na mtu, na kesho yake kompyuta haikuwaka. Redio ilinyamaza siku nane. Akaja fundi mmoja aliyekuwa akipita na wafadhili, akaweka Windows upya, na alipoulizwa rekodi za zamani ziko wapi akasema zimekwenda. Alisema hivyo akiwa tayari ameshavaa helmeti.

"Mana Mwanvua, dada yangu, niachie dakika tano," Jamaldine alisema. "Najua kinachoijaza."

"Usiguse."

"Sigusi. Naonyesha tu." Alikuwa ameshashika kipanya. "Ona hapa, diski C. Hizi mbili zenye alama ya dola mbele sisi hatukuziweka. Na hii imeandikwa Windows ya zamani. Ya zamani ya nini, na mpya tunayo?"

Mwanvua alijua zile za dola zimetoka wapi. Tangu fundi yule aondoke na intaneti ya setilaiti ifungwe juu ya bati, kompyuta ilikuwa ikijiletea toleo jipya la Windows bila kuulizwa. Inapakua, inajaza diski, inashindwa katikati, inaacha mizigo yake palepale, na baada ya siku mbili inaanza tena. Alikuwa ameshafuta nyimbo mia mbili kwa ajili yake. Nafasi aliyoipata Jumamosi, Jumatatu haikuwepo.

Jamaldine alibofya futa. Kompyuta ikamwambia hana ruhusa.

"Kuna namna ya kuilazimisha, nimeona kwenye video," akasema, na kabla Mwanvua hajamaliza kuvuta kiti alikuwa ameshaingia ndani ya folda ya Windows yenyewe. "Na hii hapa ndiyo kubwa kuliko zote. Hata jina lake halisomeki. Hii tukiitoa—"

Mwanvua alimshika mkono, akautoa kwenye kipanya kidole kimoja kimoja kama anayemnyang'anya mtoto kisu.

"Siku nane, Jamaldine," alisema taratibu. "Siku nane watu walinisimamisha sokoni kuniuliza redio imekufa au imehamishwa. Kaa pale."

Akakaa pale.

Mwanvua akampigia Hamido, fundi wa simu mwenye kibanda karibu na soko. Hamido alikuja upesi, akasimama nyuma yake, akatazama skrini kwa muda usiozidi wa kupiga chafya.

"Hii ni kuformatar tu, kufuta yote na kuanza upya," alisema.

"Hujaigusa hata."

"Mana, zote zikifika hapa dawa ni moja. Tunaformatar, saa tisa inarudi mpya."

"Na vipindi vya karibu wiki tano hizi? Na huyu dada anayesubiri?"

Hamido aliinua mabega. Kila mtu aliyewahi kumpelekea mashine, iwe imejaa, iwe imeingia maji, iwe imesahau nywila tu, alipewa jibu hilohilo. Mwanvua alimshukuru kwa kuja, akamfungulia mlango.

Saa nne na dakika kumi alimpigia shemeji yake Yusufu, mdogo wa mumewe, ambaye hufundisha kompyuta kwenye chuo cha ufundi huko Mtwara. Hakupenda kumpigia. Yusufu hueleza kila kitu kuanzia mwanzo wa dunia.

"Shemeji, salama? Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Yusufu, nina mgonjwa hapa, kompyuta ya studio, naomba tuende moja kwa moja." Akamweleza.

"Kwanza, msifute chochote kwa mkono," Yusufu alisema. "Hizo folda za dola ni mabaki, kweli hazina kazi. Lakini ile kubwa aliyotaka kuifuta huyo ndugu yako ndiyo moyo wa mashine. Mngeitoa hiyo ungenipigia unalia. Haya, fungua pale chini, andika Disk Cleanup."

Mwanvua aliandika. "Hakuna."

"Ipo."

"Yusufu, hakuna. Mashine yetu ni ya Kireno."

"Kwa Kireno inaitwaje?"

"Wewe ndiye mwalimu."

"Mimi nafundisha kwa Kiingereza, shemeji. Ina picha ya ufagio. Tafuta ufagio."

Laini ikakatika. Alipopiga tena haikupokelewa, na alipopiga mara ya tatu Yusufu naye alikuwa akimpigia yeye. Ni Wahida aliyenyanyuka, akasoma skrini juu ya bega la Mwanvua, na kusema kwa upole, "Jaribu kuandika *limpeza*. Kule kituoni kwetu wakisafisha kompyuta husema hivyo."

Ikatokea: *Limpeza do Disco*, na ufagio wake.

"Nimeipata," Mwanvua alisema laini iliporudi. "Nibonyeze?"

"Bado. Ifungue kama msimamizi wa mashine, la sivyo haitakuonyesha mabaki ya mfumo. Lakini kabla ya hapo, ile folda ya Windows ya zamani, mmeangalia ndani?"

"Ndani kuna nini? Fundi alisema vyote vimekwenda."

"Alifuta diski yote, au aliweka Windows mpya juu ya ile?"

"Nitajuaje?"

"Kama folda ipo, basi aliweka juu. Mara nyingi mashine huifuta yenyewe baada ya siku kadhaa. Yenu imebaki, sijui kwa nini. Ingia uangalie mahali pa watumiaji. Ukishaisafisha hairudi tena."

Mwanvua aliingia bila hamu, kwa sababu saa ilikuwa nne na nusu na alikuwa hana imani. Folda ndani ya folda. Watumiaji. Jina la zamani la studio. Mashine ikamuuliza kama ana uhakika wa kuendelea, akasema ndiyo. Nyaraka. Muziki. Halafu orodha ikafunguka na haikuisha, aliishusha na bado inashuka: tarehe na majina, vipindi vya miaka minne.

Jamaldine alikuwa amesimama bila kuambiwa. "Hizo ni zetu," alisema.

Mwanvua alifungua moja bila kuchagua. Sauti ya Hassane ikajaa chumba, ikiwasalimia wavuvi wa ghuba ya Tungue na kumtania mtu fulani aliyesahau nanga ufukweni. Hassane ndiye aliyeianzisha redio ile. Alihamia Pemba ya hukohuko Msumbiji baada ya vita kuingia mjini, akaugua, akafariki huko. Binti yake, Zubeida, alikuja mwezi uliopita kuomba sauti ya baba yake, hata dakika moja, na Mwanvua ndiye aliyemwambia kuwa imepotea. Alimwambia akiwa anatazama chini.

Wote watatu walisikiliza mpaka Hassane alipomaliza salamu zake. Kisha Mwanvua akaizima. Alikuwa amekasirika kuliko asubuhi yote. Alimkasirikia fundi mwenye helmeti kwa neno lake moja, na Hamido aliyetaka kuformatar, na Jamaldine na kipanya chake. Yeye mwenyewe pia hakujisamehe, maana asubuhi hiyo asingempigia shemeji yake angezisafisha zote kwa mkono wake na kufurahi kupata nafasi.

"Upo, shemeji?" Yusufu aliuliza.

"Nipo. Zipo. Niziweke wapi? C imejaa."

"Hamna diski nyingine?"

"Hatuna."

"Angalia vizuri. Hakuna D?"

D ilikuwepo. Ilikuwa na nafasi nyingi kuliko C, na ndani yake hamkuwa na kitu hata kimoja.

Mwanvua aligeuka. "Jamaldine. Hii D ni ya nini?"

"Fundi alisema ni ya akiba. Alisema tusiiguse."

"Na huyo ndiye uliyeona umtii."

Wahida alitazama pembeni ili asicheke.

Kunakili kulichukua dakika thelathini na tano. Mstari wa kijani ulitembea, ukasimama, ukatangaza umebaki muda wa saa mbili, kisha dakika tisa, kisha saa moja. Mwanvua hakuondoka kwenye kiti. Ulipofika mwisho hakuuamini. Alihesabu faili za upande huu na za upande ule, akafungua tatu kutoka D na kuzisikiliza mwanzo na mwisho.

Saa tano na robo ndipo aliporudi kwenye ufagio, Yusufu akiwa tena kwenye spika ya simu. Akaufungua kama msimamizi, akachagua C, akasubiri. Orodha ikaja ndefu, kila mstari na kisanduku chake.

"Soma," Yusufu alisema, na Mwanvua akamsomea kwa Kireno huku Wahida akisaidia kutafsiri. Mabaki ya Windows iliyotangulia, tia alama. Faili za muda za usakinishaji, tia alama. Kusafisha mabaki ya sasisho, tia.

"*Transferências*," Mwanvua akasoma.

"Hizo ndizo ulizopakua mwenyewe," Wahida alisema.

"Hapo usitie alama," Yusufu alisema haraka. "Watu wengi hapo ndipo wanapolia."

Mwanvua aliiangalia folda hiyo kando. Mawaidha ya Ramadhani yote yalikuwa humo, yale ambayo shehe hutuma kwa simu. Akakiacha kisanduku kitupu, akakitazama mara ya pili kuhakikisha ni kitupu, ndipo akabonyeza.

Mashine iliuliza kama kweli anataka. Aliposema ndiyo, ikauliza tena kuhusu Windows ya zamani, kwamba hataweza kuirudia. Wakati mwingine ingemchukiza. Safari hii aliona ni swali la haki.

Saa tano na dakika arobaini, folda za dola hazikuwepo, na mstari mwekundu wa C ulikuwa wa bluu, na nusu yake tupu. Mwanvua aliielekeza programu ya kurekodi ihifadhi D, kisha akamgeukia muuguzi.

"Dada Wahida, ya mwisho. Nakuomba radhi."

Wahida aliikunjua karatasi yake. Alisoma kwa sauti ya mtu aliyechoka, na kwenye jina la kijiji cha pili alijikwaa, akarudia. Haikuwa nzuri kama zile tatu za kwanza. Ikahifadhiwa kwa sekunde mbili.

Jamaldine alimpakia kwenye pikipiki kumwahisha sokoni. Chapa ilikuwa bado ikingoja abiria wawili, kwa hiyo akapata siti. Saa sita kamili Jamaldine alikuwa amesharudi, akitweta, na akafungua matangazo kama mtu aliyelala vizuri. Tangazo la chanjo lilikwenda la kwanza.

Mchana Mwanvua alimpigia binti wa Hassane. Alianza kwa kumwambia kuwa alichomwambia mwezi uliopita hakikuwa kweli, na kwamba hakujua. Zubeida akauliza aje saa ngapi, na kama anaweza kuja na mama.

Alipoweka simu, kwenye kona ya skrini palikuwa na ujumbe mpya. Sasisho lilikuwa tayari kupakuliwa. Mwanvua aliutazama ujumbe huo kwa muda mrefu. Akaingia kwenye mipangilio na kulisitisha kwa wiki tano, kwa kuwa mashine haikukubali zaidi ya hapo.

Jamaldine alisogea, mikono yake ikiwa nyuma. "Mana," alisema, "ile ya ufagio. Nifundishe, nami nijue ipi ya kugusa na ipi ya kuacha. Zile rekodi ni mimi niliyezipoteza."

Mwanvua alijua ingempasa amjibu vizuri. Kuomba kule hakukuwa rahisi kwake.

"Kesho," alisema, akizima skrini. "Kesho nitakufundisha yote. Leo sitaki hata kuiona."