Mbio za Kijiti Hadi Kabambare

Kitu cha kwanza nilichokiona ni miguu yake. Haikuwa na vumbi. Ulikuwa mwezi wa saba, kiangazi kikali, na katika barabara ya Kabambare kila kitu kilikuwa chekundu: kuku, majani ya mihogo, hata meno ya watu waliocheka lori likipita. Miguu ya mzee yule ilikuwa safi kama ya mtu aliyetoka kutawadha. Begani alikuwa na pembe ya ndovu ndefu kumpita yeye mwenyewe, na alikuwa anatembea mbele yangu polepole, upande wa kushoto. Mimi nilikuwa ninakimbia. Hata hivyo nilichukua muda mrefu kumfikia.

Mbio zilikuwa za Bwana Mkubwa wa teritwari, Mbelgiji aliyetawala wilaya yetu. Kwa sikukuu ya Wabelgiji alitaka watu wakimbie kutoka Kasongo mpaka Kabambare kwa kupokezana kijiti, makundi ya watu kumi kumi, kila kundi marafiki watupu. Katika kundi litakalofika la kwanza, kila mkimbiaji angerudishiwa ndugu yake mmoja kutoka kazi ya barabara. Karibu kila nyumba ilikuwa na mtu kule. Kwetu alikuwa baba, Abedi, muuza samaki wakavu wa Nyangwe. Walimchukua siku mvua ilipovunja daraja, wakamwambia ni kazi ya siku chache. Mvua ile ilikwisha, mvua nyingine ikaja ikaisha, na baba alikuwa bado anachimba mitaro karibu na Kabambare. Waliomwona walisema anakohoa sana, na akikohoa analishika koleo kwa mikono miwili, na huwezi kujua nani anamzuia mwenzake asianguke.

Sisi tulikuwa wasichana. Aliyetaka tukimbie ni Madamu, mke wa Bwana Mkubwa. Alitugawia kaptura, nasi tukazivaa ndani ya vikwembe, vitenge vyetu vya kujifunga, ili zisionekane, na vikwembe vikatufunga magoti, kwa hiyo kaptura hazikumsaidia mtu. Tulikuwa tumezoea kuchota maji pamoja kila asubuhi. Mkubwa wetu alikuwa Feza, ambaye anaweza kukimbia na ndoo kichwani huku anagombana na mtu wa ng'ambo ya mto. Mimi waliniingiza kwa sababu walikuwa tisa.

Feza alinipa kipande cha mwisho. Usidhani ilikuwa heshima.

"Pale pa mwisho iko muteremko," aliwaeleza wengine mbele yangu. "Hata jiwe litafika. Waridi, weye fanya tu kama jiwe."

Niliitikia kwa kichwa. Ilikuwa kazi ninayoiweza.

Siku ya mbio, kila mmoja alishushwa na lori mahali pake, akangoja. Kwa nini tulikuwa mbele, sijui kueleza vizuri. Kundi la makarani lilisimama kijiji cha Wamaza kula. Kundi la wanakwaya lilianza kwa wimbo mrefu, na wimbo ukawamaliza pumzi kabla ya kilima cha kwanza. Waliobaki ni wavulana wa Kasimu, fundi baiskeli wa Kasongo, na Feza alipofika kwangu alikuwa amewaacha nyuma kabisa, hata hawaonekani. Alinitia kijiti mkononi. Alinishika mabega akanigeuza, kwa sababu nilikuwa nimeelekea Kasongo. Kisha akanisukuma.

Nikakimbia, peke yangu, wa kwanza. Sijawahi kuwa wa kwanza katika jambo lolote, wala kuzaliwa. Nilifikiri juu ya baba akiingia mlangoni, na mama akijifanya hana habari, anachochea moto. Ndipo nikaona ile miguu.

Alikuwa mfu, hilo lilikuwa wazi. Wapagazi wa zamani wanaonekana kwenye barabara ile kila kiangazi, na watu wa vijiji vya kando huwasalimu na kuendelea kupalilia pamba ya serikali. Bibi yangu alisema shida yao ni kwamba hawafiki. Wanatembea mpaka mteremko wa Kabambare, kisha wanajikuta tena Kasongo, mzigo uko begani palepale.

Sasa, kwetu, kijana akimkuta mtu mzima na mzigo njiani, anampokea. Hakuna anayekufundisha. Ukimpita mzee mwenye mzigo, habari inafika nyumbani kabla yako, na mama anakungoja mlangoni na mwiko. Kama wapagazi wale walikuwa hawajapokewa, si kwa ubaya wa watu. Kila aliyepita barabara ile alikuwa na mzigo wake mwenyewe: pamba, mihogo, mchanga wa barabara, mtoto. Mimi ndiye niliyekuwa mtu mweusi wa kwanza kupita pale bila mzigo, kwa sababu ulikuwa mchezo.

"Salamaleko, baba," nikasema.

"Aleko salamu, mutoto wangu."

Nilitaka kumpita. Miguu ilikuwa tayari. Mdomo ndio uliosema, "Baba, lete nikupokee." Mdomo wangu hauwezi kuuliza bei ya chumvi sokoni; siku ile ulijichagulia kazi.

Mzee akasimama. "Unasema kweli?"

"Ndiyo, baba."

Akainama, akanilazia pembe begani, akakichukua kijiti. "Na hii nipeleke wapi?"

"Kabambare."

"Miye pia ninaenda Kabambare," akasema. "Toka zamani."

Pembe ilikuwa nzito kama pembe. Kufa kwa mpagazi hakukuipunguza hata kidogo. Nilimuuliza ni mali ya nani, maana ukibeba kitu lazima ujue utamkabidhi nani.

"Ya Bwana Faradji, wa Kasongo."

"Faradji alikuwa babu ya baba yangu."

Mzee akafikiri hatua chache. "Basi umekawia," akasema.

Nyumbani tunamtaja Faradji kila Idi. Tunasema alikuwa mtu wa biashara kubwa, na tunapitisha sahani. Hakuna aliyewahi kuuliza biashara ilitembea kwa miguu ya nani.

Nyuma yetu wengine walikuwa wameona. Walitoka kwenye majani bila haraka na kujipanga mstari mmoja, kama walivyozoeshwa. Walikuwapo wa pembe, na nyuma yao wa vikapu vya mpira uliogemwa msituni, wa siku Wabelgiji walipofika, na nyuma yao wa masanduku ya risasi, waliokwenda vita vya Tabora. Hawakunisukuma wala kuniomba. Walitembea nyuma yangu tu na kunitazama bega la pili.

Lori likafika, limewabeba wenzangu wote. Feza alikuwa amesimama juu, ameshika mbao, na sauti yake ilitangulia.

"Waridi! Unafanya nini na ile pembe? Hii iko mbio, haiko kuhama nyumba!"

"Ninamupokea muzee."

"Muzee gani?" Akamwona. Akaona na kijiti mkononi mwake. "Salamaleko, baba," akasema, kwa kuwa hata akiwa na hasira Feza ana kwao. Kisha kwangu, kwa sauti ya chini ambayo ilisikika mpaka shambani: "Umurudishie, mama. Polepole, kwa adabu. Baba yako iko kule anakungoja!"

"Mwambie weye."

Feza alifungua mdomo amwambie. Lakini mwingine, wa kikapu cha mpira, alikuwa ameshasimama kando ya lori, na shingo yake ilikuwa imeinama upande mmoja kwa namna ambayo shingo haiinami. Feza akafunga mdomo. Akashuka.

"Lete, baba," akasema. Na kwangu: "Nitakuua, Waridi. Tufike tu, nitakuua."

Wengine wakashuka mmoja mmoja, wanalalamika. Pascaline, binti wa katekista, alichukua sanduku la risasi akauliza kama kwa Wakristo pia inahesabika. Mwenye sanduku alimjibu kwamba yeye alibatizwa Tabora, siku moja kabla ya kufa, na inahesabika. Tulijaribu kuweka mizigo kwenye lori. Ilipenya mbao ikaanguka barabarani. Ilijua mabega tu. Kwa hiyo kila msichana alibeba wa kwake kidogo, akaweka kando, akarudi kuchukua wa mwingine, akarudi tena, na kundi la wasichana likawa linakwenda Kabambare kama siafu wanaohamisha mayai.

Hapo ndipo Kasimu alipotupita, na kijiti chao mkononi. Naye ana mama, naye amelelewa. Aligeuza uso upande wa miti, akaitazama kwa bidii kama mtu anayetafuta asali.

"Kasimu!" Feza akamwita. "Huoni wazee?"

"Naona miti!" Kasimu akajibu, akaongeza mwendo.

Sikumlaumu. Mjomba wake alikuwa katika mtaro mmoja na baba yangu. Lakini nilimtazama mgongo wake ukiteremka, na nilijua kwamba anayeondoka pale ni baba yangu. Pembe haikuwa imefungwa. Ningeweza kuiangusha, na mteremko ulikuwa umeanza, na jiwe lingefika. Nikamgeukia mzee. Alikuwa ametia kijiti kwapani na mikono yake inaning'inia, anaichezesha kidogo, anajaribu jinsi mikono inavyokaa isipobeba kitu. Alikuwa anapiga mluzi. Nikasogeza pembe kwenye bega la pili.

Tulifika Kabambare jua likiwa limeinama. Bwana Mkubwa na Madamu walikuwa wamekaa barazani, bendera juu yao, meza mbele yao. Kasimu na wenzake walikuwa wameshapigiwa makofi. Makantonie, watu wa kazi ya barabara, walikuwa wamepangwa upande mmoja wasimame kama mapambo, na baba alikuwa mwisho wa mstari, na koleo lake. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka.

Mzee alimkabidhi karani kijiti. Kisha akakaa chini. Wenzake wakakaa, mmoja baada ya mwingine, kwa ile sauti ya mtu anayekaa baada ya safari, na ilichukua muda, kwa sababu walikuwa wengi. Uwanja ukajaa. Mbwa wa Bwana Mkubwa alizunguka kuwanusa, akaona hakuna cha kunusa, akarudi chini ya meza.

Bwana Mkubwa alimuuliza karani wake, Fidèle, hawa ni nani.

"Wapagazi wa zamani, Bwana."

"Hai?"

"Hapana, Bwana. Wafu."

Bwana Mkubwa alikunywa kidogo katika glasi yake, akafikiri. "Wanakula?"

Fidèle alimuuliza mzee. Mzee alisema hapana, tangu zamani.

"Wanaugua?"

Mzee alisema hiyo imekwisha.

Basi Bwana Mkubwa akafurahi. Alisema mbio zimefanikiwa kuliko alivyotazamia. Aliagiza pembe na mpira viingizwe ghalani na risasi zipelekwe kwa askari, na makoleo yaletwe. Polisi wakapita katikati ya mistari na viboko, wakawainua. Mzee wangu alikuwa ndiyo kwanza ananyoosha mguu wa pili. Aliukunja tena, akainuka, akapokea koleo. Hakulitazama sana. Aliliweka begani, palepale pa pembe.

Mimi, kwa akili yangu, nikafikiri: sasa kazi ina watu wengi, basi baba atarudi. Fidèle pia aliliona, akaliuliza kwa Kifaransa, na nilimpenda kwa hilo. Bwana Mkubwa akatikisa kichwa. Wafu wanaijua njia ya miguu tu, alisema. Barabara ya motokari hawaijui. Lazima wawepo walio hai wa kuwaonyesha mitaro inapita wapi. Mjomba wa Kasimu na wenzake tisa wakapanda lori. Wengine wote wabaki. Wasichana nao wapewe sabuni, kipande kwa kila mmoja, kwa sababu wamechafuka.

Madamu alinitazama kwa huruma. Alisema ningemaliza shule ningejua kwamba katika mbio mtu hasimami. Huenda ni kweli. Niliacha shule kabla ya kufika kwenye somo hilo.

Baba alikuja mpaka karibu, koleo mkononi. Nilikuwa nimeshika sabuni na sikujua niiweke wapi.

"Ulimupokea?" akaniuliza.

"Ndiyo, baba."

"Pembe yetu ile, ya Faradji?"

"Ndiyo."

"Vizuri," akasema. Akakohoa, akashika koleo, koleo likamshika. "Mama yako alikulea vizuri. Umwambie." Nikampa sabuni. Aliinusa, akaitia mfukoni, akaenda kumwonyesha mzee mtaro unaanzia wapi, na nilisikia wakiamkiana njiani na kuulizana habari za kwao.

Kabla hatujapanda lori Bwana Mkubwa aliniita. Alikuwa na furaha. Alimwambia Fidèle amuulize msichana aliyewaleta wafu kama ana neno la kusema. Feza alinifinya mbavu.

"Hapana, Bwana," nilisema, na hata hilo nililisema ndani ya pindo la kikwembe, mpaka Fidèle akalirudia.

Neno lilikuwapo. Lilikuwa fupi, na mtoto yeyote wa Kasongo angelijua. Nilirudi nalo nyumbani na nimekaa nalo mpaka leo, na wao bado wanachimba pale, baba pamoja nao. Neno lenyewe ni hili: Bwana, weka glasi chini, simama uwapokee.